Roboti ya kupeleka mizigo: hatua za kisheria kabla hujaitoa nje ya lango

Kila muhula mpya ukianza napokea swali lile lile, safari hii kutoka kwa wanafunzi wa uhandisi, safari nyingine kutoka kwa vijana wenye kampuni changa: "Roboti yetu inatembea yenyewe, inakwepa vizuizi, na mteja anafungua kifuniko kwa namba kwenye simu. Tunaweza kuitoa mtaani ikapeleke chakula?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo majibu yote nayaweka hapa.

Mimi si wakili. Nimesaidia timu chache kuandaa maombi, nimeona mengine yakirudi na mengine yakilala kwenye faili, na kasoro huwa zinafanana. Mfano wangu mkuu ni Kenya kwa sababu ndiko ninakofanyia kazi. Kama uko Tanzania hatua ni zile zile, na nitakutajia ofisi zinapotofautiana. Japani na Marekani nitazigusa mara kwa mara kwa sababu wao wameshaandika sheria, na ombi lako litapata nguvu ukionyesha kwamba umeisoma.

Utakachohitaji kabla ya kuanza

- Vipimo halisi vya roboti: urefu, upana, kimo, uzito ikiwa tupu, uzito ikiwa na mzigo, na mwendo wa juu kabisa. Pima kwa mizani na futi, usinakili kwenye michoro.
- Nakala ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Kenya Law wanaitoa bure mtandaoni. Tanzania ni Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, Sura ya 168.
- Jina la kisheria la mwenye roboti, yaani kampuni iliyosajiliwa au chuo. "Timu ya Roboti" ya kundi la WhatsApp haiwezi kushtakiwa wala kukatiwa bima, na kwa hiyo haiwezi kupewa ruhusa.
- Kitufe chekundu cha kuisimamisha, kwa nje, mahali ambapo mpita njia asiyeijua ataona na kubonyeza.
- Mtu mmoja ambaye jina na simu yake vitaandikwa kila mahali. Wawili ni wengi, kila mmoja atadhani mwenzake amepokea simu.
- Miezi kadhaa. Kuna hatua moja hapa chini ambayo peke yake ina siku 60.

Hatua ya 1: Funga mwendo, kisha upime tena

Kabla ya kugusa karatasi, amua mwendo wa juu na uufunge ndani ya programu ya injini, si kwenye programu ya simu ambayo mtu anaweza kuigeuza kwa kidole. Kwa njia ya waenda kwa miguu, nakushauri usizidi kilomita 6 kwa saa. Ndiyo kikomo cha Japani, na ni mwendo wa mtu anayetembea haraka.

Fanya hesabu hii mbele ya timu yako. Kwa kilomita 6 kwa saa roboti husogea kama mita 1.7 kila sekunde. Mtandao ukichelewa sekunde moja, msimamizi aliye mbali anamwona mtoto akiwa mita 1.7 mbali zaidi kuliko alivyo kweli. Kwa kilomita 16 kwa saa, ambazo ni maili 10 zinazoruhusiwa katika majimbo kadhaa ya Marekani, umbali huo unakuwa mita 4.4, na nguvu ya kugonga inaongezeka mara saba kwa uzito ule ule. Atakayesoma ombi lako huenda haelewi kamera za kina wala ramani za leza. Mita 4.4 anazielewa.

Kosa la kawaida: kuandika "mwendo wa wastani". Sheria haijali wastani.

Hatua ya 2: Jua sheria inakiitaje kitu chako

Usiipite hatua hii haraka. Sheria zote za roboti nilizowahi kusoma zinaanza kwa swali moja: hiki ni mwenda kwa miguu au ni gari? Jibu la hapo ndilo linaamua kama utahitaji namba ya usajili, leseni, bima ya lazima, ukaguzi, na kama unaweza kupita njia ya miguu au la.

Japani walijibu waziwazi. Tangu tarehe 1 Aprili 2023, chombo kinachosimamiwa kwa mbali, kisichozidi urefu wa sentimita 120, upana wa 70, kimo cha 120 na mwendo wa kilomita 6 kwa saa, kinapita njia ya miguu na kinafuata taa za waenda kwa miguu. Vipimo hivyo si vya kubahatisha, ni vile vya kiti cha magurudumu cha umeme, ambacho jamii ilikwisha kukizoea. Mwenye roboti haombi kibali. Anatoa taarifa kwa kamisheni ya usalama wa umma ya mkoa angalau wiki moja kabla, akieleza itapita wapi na itasimamiwa kutoka wapi. Ukitaka kubwa zaidi au ya kasi zaidi, unaondoka kwenye mlango huo.

Marekani kila jimbo lina lake. Virginia ilitangulia mwaka 2017. Pennsylvania, kwa sheria yake ya 2020, ilienda mbali kuliko wengi: roboti yenye hadi paundi 550 bila mzigo, yaani kilo 250 hivi, inahesabiwa kuwa mwenda kwa miguu, ikiruhusiwa kama kilomita 19 kwa saa kwenye njia ya miguu na 40 barabarani. Mwenda kwa miguu wa kilo 250, ukiniuliza mimi, ni fahali. Sitakushauri upeleke mfano huo kwa ofisa yeyote wa hapa.

Sasa turudi nyumbani. Fungua Kifungu cha 2 cha Sura ya 403 usome maana ya gari la moto. Ni chombo chochote kinachoendeshwa kwa mitambo, ukitoa vile vya reli na vile vinavyovuta umeme kutoka nyaya za juu. Uzito haukutajwa, wala ukubwa wa injini. Mkokoteni wa Gikomba wenye kilo 400 za viazi haumo kwa sababu unasukumwa na mtu. Roboti yako ya kilo 30 yenye mota mbili imo. Kisheria umejenga gari, nalo halina namba, halina leseni, na halina dereva.

Lakini soma hadi mwisho wa tafsiri hiyo hiyo. Inaondoa pia vyombo vingine ambavyo kanuni chini ya sheria hii zitatamka kwamba si magari ya moto. Huo ndio mlango wako, na karibu hakuna anayeuona kwa sababu watu huacha kusoma wakishafika kwenye neno "reli". Maana yake bunge halilazimiki kuandika sheria mpya. Waziri wa uchukuzi anaweza kutoa kanuni kwamba chombo cha vipimo fulani kisihesabiwe kuwa gari. Kanuni hiyo itapita kwenye Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013, kwa hiyo wananchi watashirikishwa na itapelekwa bungeni. Hupati leo, lakini unajua unaomba nini na kwa nani.

Wa Tanzania: fanya zoezi lile lile kwenye sehemu ya tafsiri ya Sura ya 168. Usiazime jibu la Kenya.

Kosa la kawaida: kusema "sheria haikutaja roboti, kwa hiyo inaruhusiwa". Sheria haikutaja pia friji yenye magurudumu, lakini ukiifunga mota na kuitoa barabarani itakamatwa. Uingereza bado wanatumia kifungu cha sheria ya barabara ya 1835 kinachokataza kupitisha chombo cha magurudumu kwenye njia ya miguu, na mwaka 1835 hakukuwa na gari la petroli hata moja.

Hatua ya 3: Hakikisha "eneo binafsi" ni binafsi kweli

Ushauri unaozunguka ni kwamba anzia ndani ya chuo au mtaa wenye lango, huko sheria haifiki. Ni ushauri mzuri kwa nusu tu. Sheria ya Trafiki inaposema barabara, inaingiza pia njia nyingine yoyote, gati, maegesho ya magari na hata njia ya miguu, ambapo magari yanaweza kupita na umma una ruhusa ya kuingia. Chuo ambacho bodaboda huingia na kutoka bila kuulizwa, hospitali ya rufaa, maegesho ya duka kubwa: vyote vinaweza kuwa barabara.

Mwaka mmoja timu niliyokuwa nayo ilianza majaribio kwenye chuo kimoja, tukiamini tuko nyumbani. Siku ya tatu askari wa trafiki aliyekuja kula kantini aliuliza namba ya usajili iko wapi. Tulimwonyesha barua ya mkuu wa idara. Aliisoma yote, akairudisha kwa adabu, akasema mkuu wa idara hasajili magari. Alikuwa sahihi.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua eneo lenye uzio, lango na daftari la wageni. Pata barua ya mwenye eneo inayotaja njia, tarehe na saa. Weka vibao kwenye viingilio. Zuia njia hiyo kwa magari wakati wa majaribio. Maghala, viwanda na mitaa ya nyumba yenye mlinzi langoni inafaa kuliko vyuo.

Ukishindwa kupata eneo la namna hiyo, usijidanganye. Hesabu kwamba uko barabarani na uendelee na hatua zinazofuata.

Hatua ya 4: Chagua njia moja, uitembee na futi mkononi

Usiombe Westlands nzima. Omba mita 600. Kisha itembee asubuhi, mchana na jioni, ukiandika:

Upana wa njia penye wembamba kuliko kote. Roboti ya sentimita 60 na kiti cha magurudumu kinachohitaji kama 90 vinataka mita moja na nusu ili vipishane. Ukikuta mita moja na kumi, njia hiyo haifai, hata kama ni hapo kwenye kituo cha basi peke yake. Miteremko ya kupandia njia ya miguu kwenye vivuko, iko mingapi na ni mipana kiasi gani. Mitaro isiyofunikwa. Vibanda, meza za mama mboga, na bodaboda zinazopanda juu ya njia saa kumi na moja jioni. Mahali mtandao unapokatika.

Huo mteremko wa kivuko usiudharau. Oktoba 2019 huko Pittsburgh, mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu alivuka barabara akakuta roboti imesimama juu ya mteremko, ikingoja zamu yake ya kuvuka, naye akiwa bado barabarani na taa inakaribia kubadilika. Majaribio yalisitishwa kwa muda. Miaka miwili baadaye, Desemba 2021, baraza la jiji la Toronto lilizipiga roboti marufuku kwenye njia za miguu, na hoja kubwa ilikuwa usalama wa watu wenye ulemavu. San Francisco walikuwa wamebana mapema, Desemba 2017: roboti tatu kwa kila kampuni, tisa kwa jiji zima, kwa majaribio tu, mwendo wa maili tatu kwa saa, na mtu awe karibu kiasi cha mita tisa.

Ninachokuambia ni kwamba pingamizi dhidi yako halitatoka kwa wanaoogopa teknolojia. Litatoka kwa mama mwenye mtoto mgongoni na kwa mtu mwenye fimbo nyeupe, nao watakuwa na haki. Nenda ukazungumze na chama cha watu wenye ulemavu cha eneo lako kabla hujaandika ombi. Usingoje mpaka ombi likataliwe.

Hatua ya 5: Andika mpango wa usalama wa kurasa nne

Zikizidi nne hazisomwi. Ziwe na majibu ya haya tu:

Nani anasimamia, akiwa wapi, na roboti ngapi kwa wakati mmoja? Anza na moja kwa mtu mmoja. Mtandao ukikatika inafanya nini? Jibu sahihi ni kusimama, ikisogea pembeni kama kuna nafasi, na kuwasha taa. Ijaribu kweli: toa laini ya simu ikiwa inatembea, urekodi video. Betri ikiisha je? Mvua ikijaza mtaro? Nani anakuja kuichukua, na kwa dakika ngapi?

Ongeza orodha ya mambo ambayo roboti haiyaelewi. Hata msimamizi wa mbali hukosea: Septemba 2022, roboti ya Serve Robotics ilikatiza eneo la uchunguzi wa polisi huko Hollywood, baada ya mtu kuinua utepe na msimamizi kuiendeleza. Kwetu orodha ni ndefu zaidi: utepe wa polisi, maandamano, msafara wa kiongozi, mazishi, watoto wa shule wanaotoka saa tisa, ng'ombe. Andika kwamba kwa yote hayo msimamizi anaisimamisha na mtu anafika kwa miguu.

Juu ya roboti yenyewe bandika jina la mwenye nayo, namba ya simu inayopokelewa, na namba ya utambulisho yenye herufi kubwa. Sababu ni ya kisheria. Sheria ya Trafiki inamtaka dereva aliyepata ajali asimame, atoe jina lake, na kama hakulitoa aripoti polisi si zaidi ya saa 24. Roboti haina mdomo. Kibandiko ndicho kitakachoitajia jina.

Hatua ya 6: Bima

Ukienda kwa wakala na kusema "nataka bima ya gari," atakuuliza namba ya usajili na mazungumzo yataishia hapo. Omba bima ya dhima kwa umma, ile ambayo mwenye hoteli au mwenye tamasha hukata. Taja roboti kwa vipimo vyake, na hakikisha mkataba hauna kifungu kinachoondoa "vyombo vinavyojiendesha". Mikataba mingi inacho, kimejificha kwenye ukurasa wa vighairi.

Kiasi gani? Majimbo kama Florida na Texas yanataka angalau dola 100,000. Wewe si lazima uzifikie, lakini ukitaja kiasi kidogo kuliko gharama ya kumlaza mtu hospitali kwa mguu uliovunjika, utakuwa umejikataa mwenyewe.

Na ukumbuke kwamba bima hii haichukui nafasi ya bima ya lazima ya Sura ya 405, sheria ya Kenya ya bima ya magari dhidi ya madhara kwa watu wengine. Kama roboti itahesabiwa kuwa gari barabarani, ile ya lazima bado inakudai. Ndiyo maana hatua ya 2 ilikuja kwanza.

Hatua ya 7: Kamera na mawasiliano

Roboti yako ina kamera nne hadi kumi, na kila mtu anayepita mbele yake anarekodiwa bila kuulizwa. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, jisajili kwa Kamishna wa Data na ufanye tathmini ya athari kwa faragha ya watu. Ripoti ya tathmini hiyo inatakiwa kuwasilishwa siku 60 kabla ya kuanza kukusanya data. Hizi ndizo siku 60 nilizokutajia, na ndizo zinazovunja ratiba za watu. Ianze wiki ile ile unayoanza hatua ya 4.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kuna Tume yake.

Kwa upande wa redio, moduli ya 4G na rimoti ziwe zimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, au TCRA kwa Tanzania. Moduli ya kuagiza mtandaoni isiyo na idhini inaweza kukuangusha kwa jambo dogo kabisa.

Hatua ya 8: Andika barua, na uijue barabara ni ya nani

Nairobi barabara mbili zinazokutana zinaweza kuwa na wenyewe wawili. KeNHA wana barabara kuu, KURA za mijini, KeRRA za vijijini, na kaunti zina zake. Njia ya miguu iliyo ndani ya hifadhi ya barabara humfuata mwenye barabara. Tanzania ni TANROADS na TARURA. Uliza kabla ya kuandika. Barua iliyokwenda kwa asiyehusika hairudi na anwani sahihi, inapotea.

Barua kuu iende NTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Kenya, nakala kwa mwenye barabara, kaunti, na mkuu wa trafiki wa eneo. Tanzania usimsahau mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Yeye hana mamlaka ya kuruhusu, lakini bila yeye roboti haitamaliza wiki.

Usiandike "tunaomba ruhusa ya kutumia roboti". Andika kitu ambacho mtu anaweza kukikubali kwa sahihi moja:

"Tunaomba kufanya majaribio ya chombo kimoja cha umeme cha kubebea mizigo midogo, chenye uzito wa kilo 34 kikiwa tupu, upana wa sentimita 58 na mwendo usiozidi kilomita 5 kwa saa, kwenye njia ya waenda kwa miguu yenye mita 620 kati ya lango la kaskazini na zahanati, siku za kazi, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, kwa siku 30. Chombo kitafuatwa wakati wote na mtu mwenye kitufe cha kukisimamisha. Tunaomba pia mwongozo wenu kama chombo cha vipimo hivi kinaweza kupendekezwa kwa Waziri kitamkwe kuwa si gari la moto chini ya Kifungu cha 2."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayomfanya ofisa aite idara ya sheria badala ya kuiweka barua pembeni.

Chagua pia mzigo wa kuonyesha kwa busara. Zipline walipoanza Rwanda Oktoba 2016, droni zao zilibeba damu kwenda hospitali. Baga zingebebeka vilevile, lakini nani angeamka usiku kuzitetea? Dawa kutoka duka la hospitali hadi wodini, au sampuli kwenda maabara, itapata mtu wa kuitetea ndani ya serikali.

Hatua ya 9: Siku 30 za kwanza

Mtu anatembea nayo. Kila siku. Hata siku ya 29 mnapojiona mmeshaiva. Kila roboti iliposimama, ilipoguswa, ilipotukanwa, andika saa na mahali. Namba hizo ndizo zitakazobeba ombi la pili, na ukizificha zile mbaya msomaji atazishuku zile nzuri.

Folda yenye nakala za barua, bima na mpango wa usalama iwe kwenye mkoba wa anayefuata roboti, si kwenye simu yenye betri asilimia 4.

Mambo yakikwama

*Kila ofisi inasema "hii si yetu".* Omba waandike hivyo. Ofisa asiyetaka kuandika kwamba jambo halimhusu mara nyingi hugundua kwamba linamhusu.

*Barua haijibiwi.* Ulipata muhuri wa kupokelewa na tarehe? Kama hapana, rudi na nakala mbili. Kama ndiyo, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ya Kenya kuuliza ombi limefikia wapi. Ofisi ya umma ina siku 21 za kukujibu. Ukimya si ruhusa, usiichukulie hivyo.

*Bima wanakataa katakata.* Badilisha wakala, kisha badilisha eneo. Majaribio ndani ya ghala hupata bima kwa urahisi, na rekodi ya miezi mitatu ghalani ndiyo utakayoionyesha ukiomba bima ya nje.

*Roboti ni kubwa, njia ya miguu haiitoshi, tunataka barabara ya magari.* Huo ni mradi mwingine. Marekani, kampuni ya Nuro walihitaji msamaha wa serikali kuu, Februari 2020, ili gari lao lisilo na abiria liruhusiwe kukosa vioo vya pembeni na kioo cha mbele, vitu vilivyowekwa kwa ajili ya dereva ambaye hayumo. Kenya pia imo katika Mkataba wa Vienna wa 1968, unaotaka kila gari linalotembea liwe na dereva. Marekebisho yaliyoanza kutumika Julai 2022 yanaruhusu mifumo ya kujiendesha, ila nchi iwe na sheria yake ya ndani kuhusu jambo hilo. Punguza roboti.

*Askari ameisimamisha.* Bonyeza kitufe chekundu mbele yake, aone. Toa folda. Usimweleze akili bandia. Akisema iondoke, ibebeni, mkamwone mkuu wake kesho asubuhi na zile karatasi.

*Imemgonga mtu.* Simama, msaidie, piga simu, toa jina lako, ripoti polisi. Usifute wala kunakili upya kumbukumbu za roboti. Zima na uifunge kama ilivyo. Piga simu bima siku hiyo hiyo.

*Imebebwa.* Itatokea, na kwa kawaida ni wiki ya pili, watu wakishaizoea. Nenda ukaandikishe taarifa kwenye OB, daftari la matukio la kituo cha polisi, na uwape polisi picha za kamera. Usizirushe kwenye makundi ya WhatsApp na maneno "mwizi huyu": sura ya mtu ni data binafsi, na malalamiko yatakayofuata yatakuwa juu yako.